Farasi akichechemea nyuma, usianze na uvimbe

Ukiajiriwa zizini kama saisi, watakufundisha kusafisha kwato, kupiga brashi na kufunga tandiko. Kuusoma mguu wa nyuma utajifunza mwenyewe, siku farasi atakapoharibikia mikononi mwako. Mimi nilijifunza hivyo mwaka wangu wa pili huku Karen, Nairobi, kwa farasi mmoja mwekundu, dume lililohasiwa, mstaafu wa mbio za Ngong Road. Wengi tunaowapanda hapa walianzia kwenye mbio, na huja kwetu na magonjwa waliyoyapata huko.

Kwanza tuelewane viungo. Kile kinachochongoka kwa nyuma, ambacho wageni hudhani ni goti lililogeuzwa, ndicho kifundo cha mguu. Ncha yake ni kisigino. Goti halisi liko juu, pale paja linapokutana na tumbo, na lina kilegesambwa chake kama lako wewe. Kifundo si kiungo kimoja: ni viungo vinne vilivyopangwa juu ya vingine. Cha juu kabisa ndicho kinachokunjuka. Vya chini havisogei sana, lakini ndivyo gegedu lake husagika zaidi kwa farasi wa kupandwa, hasa wa kuruka viunzi.

Yule mwekundu alianza kwa kukataa kanta ya kulia, yaani ule mwendo wa kasi ya kati ambao mguu wa mbele wa kulia hutangulia. Ukimwomba, anashika ya kushoto, au anarusha mateke. Mwalimu akasema ni ujeuri, apigwe kiboko. Kumbe kanta ya kulia huanza kwa mguu wa nyuma wa kushoto kuusukuma mwili wote peke yake. Farasi anayekwepa upande mmoja tu, tena wa kazi aliyokuwa akiifanya vizuri mwezi uliopita, mimi siku hizi simwiti jeuri mpaka nimemwangalia miguu.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa viatu vya farasi. Alipovua viatu vya nyuma hakuvitupa kwenye ndoo. Aliviweka chini sambamba, akaniita: "Kijana, hebu njoo uone." Cha kulia kililika sawasawa. Cha kushoto, ncha ya mbele ilikuwa imeliwa mpaka kubaki nyembamba kama ukingo wa bati, ilhali pande zake bado nzito. Farasi alikuwa akiburuta ncha ya kwato majuma kadhaa na mimi nilimtembeza kila asubuhi bila kuona. Tangu siku hiyo nasikiliza pia: kwenye lami, hatua nne za farasi mzima zina mpigo mmoja, na mguu unaoburutwa hukwaruza.

Basi nikaona uvimbe. Mbele ya kifundo cha kushoto, kwa ndani, palikuwa na donge laini la majimaji, ukilibonyeza linahamia upande wa pili. Nikajipa udaktari. Wiki mbili nzima nilikuwa nachua kifundo kile kwa dawa ya kupaka na kukifunga bendeji. Kilikuwa baridi, hakimuumi nikikigusa, na mzee wa zizi aliniambia amekiona kikiwa hivyo tangu farasi aletwe. Sikumsikiliza. Uvimbe unaoonekana humvutia mgeni kama taa inavyomvuta kumbikumbi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Siku moja kabla ya daktari kuja, farasi alipewa byuti, ule unga wa kutuliza maumivu, ili "asiteseke." Kesho yake akakimbia troti, zile mbio za polepole, kama mwanafarasi. Daktari akatazama, akauliza amepewa nini, akafunga mkoba. Tulilipa safari ya bure. Athari ya byuti huweza kupita siku moja, kwa hiyo ukishampigia daktari, muulize ni dawa gani isimamishwe na lini. Na kila unachompa kiandike daftarini, hata kama aliyeagiza ni bosi.

Daktari akirudi, kazi yako kubwa ni kukimbia na farasi. Usiidharau. Mahali pawe tambarare na pagumu, kamba iwe legevu, mkono wako mbali na kidevu chake. Saisi anayemshika farasi kwa kamba fupi anakishikilia kichwa, na kichwa ndicho kinachotoa siri. Farasi mwenye maumivu makali nyuma kushoto huinamisha kichwa mguu huo unapotua, na kwa kuwa kwenye troti unatua pamoja na wa mbele kulia, macho yatakudanganya kwamba anaumwa mbele kushoto. Ukisimama nyuma, tazama mifupa miwili ya nyonga: ule wa upande mbovu hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Bandika kipande cha plasta nyeupe kila upande, utaona kitu ambacho manyoya yalikuwa yakikificha.

Daktari akikadiria kuchechemea na kusema "huyu ni mbili," uliza mbili kati ya ngapi. Wamarekani huhesabu mpaka 5, Waingereza wengi mpaka 10, na hapa kwetu utakutana na wote.

Daktari wetu aliporudi alianza chini, kwenye kwato, akaibana kwa koleo kutafuta usaha. Ndiyo, hata kama kila mtu zizini ameshasema ni kiungo. Halafu akaukunja mguu, akaushikilia dakika moja, akaniashiria nikimbie. Alianza na mguu mzima ili apate wa kulinganisha. Ulipofika wa kushoto, hatua za kwanza zilikuwa za kuchechemea wazi. Nikasema, "Si nilijua, kifundo!" Akacheka. Akanionyesha kwamba huwezi kukunja kifundo cha farasi bila goti lake kujikunja. Kano mbili, moja mbele na moja nyuma, zimeviunga pamoja kama vijiti vya mwavuli. Jaribio lile linakwambia mguu unauma. Haliwezi kukwambia wapi.

Ndipo ganzi: ukikitia kiungo ganzi na farasi akaacha kuchechemea, maumivu yanatoka hapo. Alinyoa, akaosha ngozi kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona mtu akiosha kitu, maana uchafu ukiingia kiungoni ni balaa, akachoma viungo vya chini vya kifundo. Tukasubiri. Nikakimbia: hakuna mabadiliko. Siku nyingine akachoma goti, sehemu zake zote tatu. Baada ya nusu saa farasi akatroti nyonga zikiwa sawa. Nilibaki nimeshika kamba, wiki zangu mbili za kuchua zikinipita kichwani.

Eksirei ya goti haikuonyesha kitu, kwa sababu huonyesha mifupa. Ultrasaundi ndiyo iliyoonyesha gegedu la ndani, lile linalokaa kama mto kati ya mifupa miwili, likiwa limechanika pembeni. Lile donge la kifundo lilikuwa la zamani na halikuhusika.

Haya yote yanahitaji subira, isipokuwa hali moja. Ukimkuta farasi asubuhi hakanyagi kabisa, na karibu na kiungo pana jeraha, hata la ukubwa wa punje ya mahindi, au panatoka ute wa manjano unaonata na kuvutika, usichokoe, usipake kitu, usingoje jioni. Pima joto (la kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5), piga simu, useme neno "kiungo" mwanzoni kabisa. Hapo saa zinahesabika.

Mwekundu alikaa miezi kwenye boma dogo, kisha matembezi ya kamba, kisha tandiko kwa mwendo wa taratibu. Viunzi aliachana navyo. Sasa hubeba watoto wanaoanza, na kila fundi akivua viatu vyake naviweka chini sambamba kabla havijaingia ndoo.