Maswali Yenu: Maabara Inajua Nini Kuhusu Watu wa Kale?

Wasomaji wametuandikia kuhusu vipimo vya akiolojia, na karibu barua zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: namba inayotoka maabara inahusu nini hasa? Tumezijibu zile zenye mengi ya kufafanua.

Mkaa wa jiko la kale ukipimwa na kuonekana una miaka 1250, je, ndio wakati moto ulipowashwa? (Mwalimu wa historia)

Si lazima, mwalimu. Kinachopimwa ni kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua taratibu kiumbe kikishakufa, nayo haina habari na moto. Inachoonyesha ni muda uliopita tangu kiumbe kilipoacha kuingiza kaboni mwilini, yaani tangu kilipokufa. Mti una utata zaidi, kwa kuwa kila pete ya shina hufunga hesabu yake mwaka ilipoumbika. Mti ulioishi miaka 300 unapokatwa, kiini chake kimeshatimiza miaka 300. Ukipima mkaa uliotoka kwenye kiini hicho, jiko litaonekana kongwe kwa karne tatu kuliko lilivyo, ilhali mashine haijakosea hata kidogo. Ndiyo maana punje ya nafaka, ganda la kokwa au kijiti chembamba chenye gome vina thamani kubwa kuliko bonge la mkaa: viliishi msimu mmoja au miaka michache tu.

Punje hizo hazionekani kwa macho wakati wa kuchimba, hivyo udongo wa jiko, lita 20 hadi 40, humiminwa kidogo kidogo kwenye pipa la maji na kukorogwa taratibu kwa mkono. Udongo huzama, vilivyoungua huelea, na maji yanayofurika hupitishwa kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 0.25 hadi 0.3. Kilichonaswa hukaushwa kivulini, bila haraka. Kikianikwa juani, mbegu zilizoungua hupasuka na mtaalamu wa mimea hawezi tena kuzitambua. Atambue kwanza, ndipo ziende kupimwa, maana kupima ni kuiteketeza sampuli.

Maabara huiosha punje kwa asidi ya hidrokloriki ili kuondoa chokaa ya udongo, kisha kwa hidroksaidi ya sodiamu ili kutoa tindikali za mboji zilizopenya, halafu kwa asidi mara ya pili, kwa sababu ile alkali hunyonya kaboni dioksaidi ya hewa ya leo. Kinachosalia huchomwa, gesi yake hugeuzwa kuwa grafiti, na mashine huzihesabu atomu zenyewe. Miligramu 1 ya kaboni inatosha. Katika kiumbe hai kuna takriban atomu moja ya kaboni-14 kwa kila atomu trilioni moja za kaboni, na nusu yake hutoweka kila miaka 5730. Baada ya miaka 50,000 hivi hakuna cha kuhesabu. Hapo uchafu mdogo huharibu kila kitu: kitu kilichoishiwa kabisa na kaboni-14, kikiingiwa na asilimia 1 tu ya kaboni ya leo, kitasomeka kuwa na miaka 37,000 hivi.

Tukirudi kwenye 1250 yako: maabara huandika kitu kama "1250 ± 30 kabla ya sasa", na "sasa" hapo maana yake ni mwaka 1950. Hiyo bado si tarehe ya kalenda, kwa sababu kiasi cha kaboni-14 hewani kimekuwa kikipanda na kushuka. Lazima ilinganishwe na jedwali lililojengwa kwa pete za miti ambazo mwaka wake unajulikana. Kwa nusu ya kaskazini ya dunia linalotumika ni IntCal20, na kwa nusu ya kusini SHCal20. Kwa jedwali la kaskazini, 1250 ± 30 huangukia takriban kati ya 670 na 880 BK, kwa uhakika wa asilimia 95. Huo ni upana wa karne mbili. Mwandishi anayeugeuza kuwa "mwaka 700" anajipa uhakika ambao kipimo hakikumpa.

Tulipeleka mfupa maabara ukakataliwa. Una tatizo gani? (Mwanafunzi wa akiolojia)

Huenda umeishiwa kolajeni, ile protini ya mfupa ambayo ndiyo hasa inayopimwa. Katika mfupa mbichi kolajeni ni karibu asilimia 20 ya uzito; maabara nyingi hukataa mfupa wenye chini ya asilimia 1. Joto la muda mrefu na udongo wenye tindikali huimaliza. Hata ikipatikana, uwiano wa atomu za kaboni na naitrojeni sharti uwe kati ya 2.9 na 3.6, ukitoka nje ya hapo, kolajeni imeoza au imechafuka. Kama mlipaka gundi ili mfupa usivunjike, semeni aina yake mapema, kwa sababu gundi nyingi zina kaboni na kila aina ina njia yake ya kuondolewa.

Jino linawezaje kusema mtu alizaliwa wapi na alikula nini? (Msomaji wa miaka mingi)

Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ikishaumbika haibadiliki tena. Taji la gego la kwanza la kudumu hujengwa kati ya kuzaliwa na umri wa miaka 3 hivi. La gego la mwisho hujengwa utotoni hadi ujanani. Mfupa, kinyume chake, hujijenga upya maisha yote. Kwa hiyo jino linatunza utoto, na mfupa unatunza miaka ya mwisho.

Kinachotunzwa kuhusu mahali ni strontiamu. Hutoka kwenye miamba, hupita kwenye udongo, maji na mimea, kisha huingia kwenye jino pamoja na kalisi. Uwiano wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86, isotopu zake mbili, yaani aina za elementi moja zenye uzito tofauti, ni karibu 0.704 kwenye mawe machanga ya volkano, 0.7092 kwenye maji ya bahari, na hupita 0.710 kwenye miamba mingi ya kale ya matale. Meno na mifupa ya Ötzi, yule mtu wa miaka 5,300 iliyopita aliyepatikana kwenye barafu ya milima ya Alpi mwaka 1991, yalipimwa kwa isotopu za namna hii na kuonyesha kwamba alikulia kwenye mabonde yaliyo umbali usiozidi kilomita 60 hivi kutoka alipofia.

Ila kipimo hiki kina nguvu zaidi katika kukanusha kuliko kuthibitisha. Kinaweza kusema "huyu hakukulia hapa". Hakiwezi peke yake kusema "alitoka kule", kwa sababu maeneo mengi yana uwiano mmoja. Na hata hilo "hapa" lazima lipimwe kwanza, kwa konokono, mimea na meno ya wanyama wadogo wa eneo husika. Bila msingi huo, namba ya jino haina maana yoyote.

Chakula husomwa kwenye kolajeni. Mahindi, mtama, uwele na miwa hushika kaboni kwa namna moja. Ngano, mchele, kunde na mizizi mingi kwa namna nyingine. Kipimo cha kaboni-13, kinachoandikwa kama tofauti na sampuli ya rejea, kwa mimea ya kundi la kwanza ni wastani wa -12.5 kwa elfu, na kwa kundi la pili -26.5. Kolajeni ya mlaji huongeza 5 hivi juu yake. Naitrojeni-15 nayo hupanda kwa 3 hadi 5 kwa elfu kila unapopanda ngazi moja kutoka mmea kwenda kwa mla majani, na kutoka kwake kwenda kwa mla nyama. Hapa pana mitego miwili. Samaki wa baharini hupandisha kaboni kama mahindi yanavyofanya, hivyo kaboni bila naitrojeni inapotosha. Na shamba lililotiwa samadi hupandisha naitrojeni ya nafaka, hata mkulima aliyekula nafaka tupu akaonekana mla nyama.

Mla samaki ana tatizo jingine: bahari hukawiza kaboni ya kale, mara nyingi kwa miaka 400 hivi, kwa hiyo mifupa yake husomeka mikongwe kuliko ya jirani aliyezikwa naye siku moja.

Vigae vya vyungu tuvioshe au tusivioshe? (Mfanyakazi wa kujitolea)

Msivioshe vile mtakavyopima mafuta, na msikwangue ukoko uliogandia ndani. Chungu kisichopakwa rangi ya kioo hunywa mafuta ya kila kinachopikwa, nayo hukaa humo maelfu ya miaka. Mtaalamu hukwangua milimita 1 au 2 za juu na kuzitupa, husaga gramu 2 za kigae, hutoa mafuta kwa viyeyushi, kisha huyachambua kwenye mashine. Njia hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba wafugaji wa Takarkori, kusini magharibi mwa Libya, walikuwa wakisindika maziwa karibu miaka 7,000 iliyopita: isotopu za kaboni katika asidi mbili za mafuta hutenga maziwa na mafuta ya nyama.

Shikeni kigae kwa glavu na kukifunga kwenye karatasi ya alumini, si plastiki. Plastiki huachia kemikali zinazofunika matokeo, na mikono huacha mafuta ya ngozi. Kumbukeni pia kwamba chungu hakitofautishi mlo wa jana na wa mwaka juzi, na kwamba mboga zenye mafuta kidogo hazionekani kwa urahisi, hata kama ndizo zilizoliwa kila siku.

Zana na mifupa yenye umri wa mamilioni ya miaka hupimwaje? (Msomaji)

Huwa haipimwi yenyewe. Hupimwa jivu la volkano lililoifunika au lililo chini yake, kwa potasiamu inayogeuka taratibu kuwa gesi ya agoni. Mwaka 1961 njia hiyo ililipa tabaka la fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959, umri wa miaka milioni 1.75, wakati makisio ya awali yalikuwa kama laki sita.

Fedha zetu zinatosha vipimo vitatu tu vya kaboni-14. Tuchague sampuli zipi? (Kikundi cha utafiti)

Chukueni mbegu kutoka ukuta mmoja wa shimo: moja tabaka la chini kabisa lenye dalili za watu, moja la katikati, moja la juu. Chagueni mahali pasipo mashimo ya panya wala mizizi. Pelekeni kwanza ya chini na ya juu, mkisubiri na ile ya tatu mkononi. Majibu yakifuata mpangilio wa matabaka, ya katikati itapunguza upana wa tarehe zote, kwa sababu programu za takwimu huutumia mpangilio huo. Yakipinduka, ya juu ikawa kongwe kuliko ya chini, msiipeleke bado ile ya katikati. Rudini kwenye michoro ya ukuta mtafute udongo uliochanganyika, kisha mchague mbegu nyingine kutoka ndani ya kitu kilichofungwa vizuri, kama shimo la taka lililozibwa na sakafu.