Mbona ramani yangu ya mvua imejaa miduara?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nafanya utafiti wa mwaka wa mwisho chuoni kuhusu mvua mkoa wa Kilimanjaro. Vituo vya kupimia mvua ninavyo kumi na kitu, nimeviingiza kwenye QGIS, ile programu ya kuchora ramani, nikatumia IDW, njia ya kukadiria mvua ya sehemu zisizo na kituo, ramani inatoka miduara miduara kila penye kituo, alafu msituni kule juu mvua inaonekana ndogo tu. Nimekosea wapi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Hujakosea kubonyeza, IDW ndo ilivyo. Inapiga wastani wa vituo vya jirani, cha karibu uzito mkubwa, cha mbali mdogo, ndo maana kila kituo kinazungukwa na duara lake, basi, haijui kama katikati kuna mlima wa mita 5,895. Na haiwezi kutoa namba kubwa kuliko ya kituo chako chenye mvua nyingi zaidi, kwahiyo kama vituo vyote viko chini huku msitu utaupunja tu.

Na kwenu mlima ndo kila kitu. Moshi mjini inanyesha kama mm 900 kwa mwaka, ukipanda upande wa kusini mpaka kama mita 2,200 inapita mm 2,000, alafu kuanzia hapo inashuka, kileleni ni kukavu kabisa. Upande wa kaskazini mvua ni kidogo kuliko kusini hata mkiwa mwinuko uleule. Sasa wengi watakwambia weka mwinuko kwenye hesabu, sawa, ila ukichora mstari mmoja ulionyooka kwamba kadiri unavyopanda mvua inaongezeka, barafu ya kileleni Kibo utaipa mvua kuliko msitu!

Krigingi, njia nyingine ya kukadiria kati ya vituo, iliyoanzia kwa Danie Krige kwenye migodi ya dhahabu Afrika Kusini, ni nzuri, lakini kwa vituo kumi variogramu yake, yaani mchoro wa jinsi tofauti ya mvua inavyokua kadiri vituo vinavyoachana, itayumba sana. Mi ningechukua CHIRPS, data ya mvua ya bure, inachanganya setilaiti na vituo, inaanzia 1981, kila kipande kama kilomita 5, alafu natumia vituo vyako kuirekebisha.

Kabla ya yote kagua jedwali, siku ambayo haikupimwa isije ikasomeka 0, hiyo inaua ramani kimyakimya. Na hamisha kutoka digrii kwenda UTM 37S, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, ili umbali uwe wa mita kweli.

Mwisho ficha kituo kimoja, tabiri mvua yake kwa vilivyobaki, rudia kwa vyote, uone ramani inakosea kiasi gani. Kama kituo cha Marangu kimekosewa kwa mm 400 iandike hapohapo kwenye ramani, usiifiche, maana kuna mtu ataitumia kuamua apande nini.