Unatamani kiti katika bunge la jimbo? Anza kwa kumpigia debe mwenzako

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Minnesota, Marekani, napigiwa simu na ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaotaka kugombea kiti katika bunge la jimbo. Wengi huanza na hela: kampeni itakula kiasi gani? Nami huwauliza, umewahi kugonga milango kwa ajili ya mgombea mwingine? Kwa kawaida hapo kimya.

Masharti yenyewe si mazito. Uwe raia mwenye haki ya kupiga kura, umetimiza miaka 21, umeishi jimboni mwaka mmoja na katika wilaya unayoigombea miezi 6. Ada ya fomu ni dola 100. Shahada ya sheria haidaiwi.

Sasa mtazame Ilhan Omar, mbunge wa Minnesota katika Bunge la Marekani tangu 2019, uwe unaipenda siasa yake au huipendi. Alizaliwa Mogadishu, vita vikamkimbiza, akaishi miaka 4 katika kambi ya Utango karibu na Mombasa, kisha akafika Marekani mwaka 1995. Watu wanakumbuka 2016 tu, alipombwaga Phyllis Kahn aliyekikalia kiti cha bunge la jimbo tangu 1973. Lakini kabla ya hapo alikuwa amefundisha lishe kwa jamii kupitia Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 2012 akaendesha kampeni ya seneta wa jimbo Kari Dziedzic, mwaka uliofuata ya diwani Andrew Johnson wa Minneapolis, halafu akawa msaidizi wake wa sera. Alijifunza kazi akiwatafutia wengine kura, na kwangu hiyo ndiyo shule yenyewe.

Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliitaka Seneti ya jimbo mwaka 2022 akashindwa kwenye mchujo wa chama. Hakuhama. Mwaka 2024 akachaguliwa Mwakilishi wa wilaya ya 38A, eneo la Brooklyn Park, ndani ya eneo lile lile la mara ya kwanza. Ukishindwa, baki na watu wako.

Milangoni nilikopita mimi, watu waliuliza kuhusu kodi ya nyumba, basi la shule, theluji isiyozolewa. Wasikilize hayo kwanza, hata kama umeenda na hotuba yako ya uhamiaji. Na usiudharau mchujo wa Agosti: wapiga kura ni wachache, na chama kikiwa na nguvu sana mahali fulani, mshindi hupatikana hapo hapo.

Fikiria pia ajira yako. Bunge hili hukutana siku zisizozidi 120 katika miaka 2, kwa hiyo wabunge wengi wana kazi nyingine. Kama unafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, zungumza na mwajiri mapema, kwa sababu vikao kwa kawaida huanza Januari au Februari na kwenda hadi Mei.

Mikutano ya mitaa ya vyama kwa kawaida hufanyika Februari, mwaka wa uchaguzi. Nenda, omba uwe mjumbe, kisha mtafute mgombea unayemwamini umwombe orodha ya milango ya kugonga Jumamosi.