Kura za saa sita usiku Dixville Notch

Mkuu, umeuliza kama matokeo ya Dixville Notch, kile kijiji cha New Hampshire kinachopiga kura saa sita usiku, yanaonyesha nani atashinda urais Marekani. Hapana, usiyategemee. Mwaka 1960, utaratibu huo ulipoanza, Nixon alizoa kura zote 9, lakini rais akawa Kennedy. 2020 Biden alipata zote 5 na kweli akashinda. 2024 walipiga watu 6 tu: Trump 3, Harris 3. Na Januari mwaka huohuo, kwenye mchujo wa chama cha Republican wa kumchagua mgombea wake, wote 6 walimpa Nikki Haley, mpinzani wa Trump, lakini jimbo likaenda kwa Trump.

Mimi kinachonivutia zaidi ni sheria yenyewe. Kituo kinaruhusiwa kufungwa mara tu kila aliyeandikishwa akishapiga kura. Kwa hiyo wanakusanyika wote, wanatumbukiza karatasi, zinahesabiwa palepale mbele ya macho yao na kamera za waandishi. Uwazi wa namna hiyo ni wa kutamani sana, hata kama kura zenyewe ni chache. Ukitaka kujua jimbo linaelekea wapi, fuatilia miji ya Manchester na Nashua humohumo New Hampshire, kwenye watu wengi.