Chupa ya wifi, balungi na figo ya kupandikizwa

SWALI: Mfamasia, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Ngamiani, Tanga. Nilipandikizwa figo mwaka jana, natumia takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Wifi yangu ameniletea chupa ya mitishamba ya kupandisha kinga, maana naogopa hata kwenda arusini. Balungi nimekatazwa; je, danzi na machungwa? Na nikishikwa na homa, nianze na dawa ya malaria?

JIBU: Njema, mama. Nianze na chupa ya wifi, kwani ndiyo inayonitisha zaidi.

Kinga yako imeshushwa makusudi na hizo dawa zako tatu. Mwili unaiona hiyo figo kuwa ngeni, na kinga ikipata nguvu itaishambulia. Kwa hiyo dawa ya kupandisha kinga, kama kweli inafanya kazi, inavuta kamba dhidi ya takrolimasi. Kama haifanyi kazi, wifi kapoteza hela zake, na bado hatujui ndani mna nini. Mrudishie kwa maneno mazuri.

Sasa balungi. Ukutani mwa utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya takrolimasi kabla haijafika kwenye damu. Balungi hukizima. Umemeza vidonge vilevile, lakini dawa inayoingia mwilini inazidi: mikono inatetemeka, figo inaumia. Wapo wanaoniambia, "Basi nitakula mchana, dawa ninywe usiku." Haisaidii, kwa sababu utumbo huchukua siku moja hadi tatu kutengeneza kimeng'enya kipya. Danzi lina kemikali za namna hiyohiyo, liache pamoja na juisi yake. Machungwa matamu ya Muheza kula, ila menya mwenyewe. Kisu cha muuzaji wa barabarani kimepita kwenye machungwa mangapi tangu asubuhi?

Kimeng'enya hichohicho huzimwa na erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli, dawa ambazo ni rahisi kuuziwa dukani kwa kikohozi au fangasi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huishusha takrolimasi mpaka figo ikawa hatarini kukataliwa. Diklofenaki nayo huumiza figo moja kwa moja. Kwa maumivu madogo tumia parasetamoli. Kila ukifika duka la dawa, neno lako la kwanza liwe, "Nimepandikizwa figo."

Takrolimasi yako, kama ni ile ya mara mbili kwa siku, imeze kila baada ya saa 12, tuseme saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Siku ya kliniki usimeze ya asubuhi kabla ya kutolewa damu ya kupima kiasi cha takrolimasi. Ibebe kwenye mkoba. Ukiimeza kwanza, kipimo kitasoma juu na daktari anaweza kukupunguzia dozi ambayo haikuhitaji kupunguzwa.

Homa: nunua kipimajoto. Ikifika nyuzi 38, nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo na uwapigie simu waliokupandikiza. Usitangulize dawa ya malaria. Malaria ipo kwetu, lala ndani ya chandarua, lakini kipimo kikionyesha malaria hakijasema kwamba hakuna bakteria kwenye damu au kwenye mkojo. Prednisoloni huweza kuificha homa, kwa hiyo ukijisikia vibaya isivyo kawaida, nenda hata kama mwili haujachemka. Wala usiache prednisoloni ghafla.

Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, usichomwe.

Arusini nenda, mama! Kaa penye hewa, mbali na anayekohoa, ule pilau la moto. Kachumbari na juisi ya barafu wapishe wengine. Na jioni ukimtamani pweza, mle akitoka sufuriani anachemka. Lile bakuli la pilipili linalochovywa na kila mpita njia ndilo usiliguse.