Kabla ya sufuria nyingine, mpe cha kushikia

Swali lenu la wiki hii linauliza: ukitaka kumpa mtu zawadi uliyoitengeneza kwa mikono yako, utampa nini ambacho atakitumia kweli? Mimi nampa vishikio vya sufuria. Nashona hapa Nkuhungu, Dodoma, na kwenye kicheni pati ninazoalikwa naona bibi harusi anavyopewa masufuria, mabeseni, hotpoti na vikombe mpaka meza inajaa. Cha kushikia hayo masufuria hakuna anayekileta. Akifika kwake anaipua kwa upindo wa khanga aliyojifunga, na moto uko hapo hapo chini.

Mtazameni mtu anayesonga ugali. Masufuria yetu mengi hayana mikono, yana ule ukingo mwembamba tu. Mkono mmoja uko kwenye mwiko, mwingine umebana ukingo, na ugali ukishakaza, hasa huu wetu wa mtama au uwele, sufuria inataka kuzunguka na mwiko. Hapo mtu anabana kwa ncha za vidole. Ndiyo maana zile glavu nene za kuokea, nzuri kwa mwenye oveni, hazimfai mpishi wa jiko la mkaa: akizivaa vidole havikutani, na sufuria inamponyoka.

Kwa hiyo nashona kishikio kirefu, kama sentimita 80 kwa 18, chenye mfuko wa kutia vidole kila mwisho. Mpishi anakitupia begani, hakitafuti wakati uji unafurika. Ndani natia tabaka mbili za taulo kuukuu. Zikizidi hapo ukingo haubaniki. Upande unaogusa sufuria naweka jinzi iliyochakaa, upande wa juu khanga. Kisha napitisha mishono ya mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, ili taulo lisijikusanye upande mmoja likifuliwa. Cherehani ya kukanyaga inaiweza kazi hii vizuri kabisa. Weka sindano namba 16 au 18, refusha mshono kidogo, na ukifika pale mifuko inapoungana acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono pole pole, vinginevyo sindano inakatika.

Kwenye kitambaa sina mjadala: kiwe pamba tupu. Madukani kuna vitenge vingi vya poliesta vinavyopendeza macho, lakini poliesta ikikutana na joto kali inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Muuzaji akikuapia kuwa ni pamba, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uziwashe kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini linalosagika kwa vidole. Poliesta hujikunja, kisha huacha kitone kigumu. Uzi wa kushonea nao uupime hivyo hivyo. Halafu fua kila kitu kabla ya kukata, maana pamba mpya hurudi, na ukishona bila kufua zawadi itajikunjakunja mara ya kwanza ikiguswa na maji.

Doti moja ya khanga haiishii kwenye vishikio. Aproni inatoka, na ukate kwa namna ambayo maandishi yatakaa kifuani; chagua maneno ya upendo, kwa sababu mama mkwe naye atayasoma. Mabaki yanatoa vifuniko vya duara vyenye lastiki pembeni, vya kufunikia ndoo ya maji, beseni la unga au bakuli la maziwa. Kiangazi chetu cha upepo na vumbi mnakijua: ukiacha maji wazi asubuhi, jioni yana rangi. Ila vifuniko hivyo ni vya vitu vilivyopoa, visiwekwe juu ya sufuria iliyo motoni.

Unapomkabidhi mwambie jambo moja: asishikie kishikio kilicholoa. Maji hupitisha joto upesi kuliko kitambaa kikavu, na atakayeipua sufuria kwa kitambaa kibichi ataungua na kuimwaga mboga. Na kwa kuwa vishikio vya jikoni hufuliwa mara kwa mara, mimi huwa sitoi kimoja. Natoa viwili, kimoja kikiwa kwenye kamba kingine kinafanya kazi.

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma