Kabla hujampelekea sonara dhahabu ya bibi

Ukirithi bangili na mikufu ya zamani, ukataka viyeyushwe vifanywe mapambo mapya, anzia kwenye duka lililovitengeneza, kama bado lipo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Mombasa, usonara ni kazi ya ukoo: baba humwachia mwana meza, mizani na wateja. Sonara wa duka kama hilo anaweza kuitambua alama ya babu yake, na kukwambia bangili ipi imejazwa lakiri (utomvu mgumu kama nta) ndani ikaonekana nzito kuliko dhahabu iliyomo. Risiti ya zamani ikitaja tola, kipimo cha uzito cha Kihindi, zidisha kwa gramu 11.66.

Alama tu haitoshi. Namba iliyogongwa ni kiasi cha dhahabu tupu katika sehemu elfu: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Vitu vya mtindo wa Kihindi aghalabu ni 22, vilivyotoka Oman na Ghuba aghalabu 21, na sanduku moja linaweza kuwa na vyote. Vitenganishe kwa karati kabla ya kupima.

Ugomvi mwingi huanzia kwenye lehemu, yaani madini ya kuungia. Lehemu ya dhahabu hutengenezwa kwa karati ya chini kidogo ili iyeyuke kabla ya kitu kinachoungwa. Mkufu wa 916 ulioungwa mara nyingi, ukiyeyushwa wote, utatoa kipimo cha chini, hata kama hakuna aliyeiba. Jiwe la kupimia na tindikali husoma sehemu ilokwanguliwa tu. Kwa hiyo omba dhahabu iyeyushwe mbele yako, kisha bonge lenyewe lipimwe uzito na karati. Bei izungumzwe hapo, si kabla.

Kibaya zaidi ni kiungo cha risasi au bati, kazi ya fundi asiye sonara. Risasi kidogo tu ikiingia kwenye chungu cha kuyeyushia, dhahabu yote inakuwa kavu na kupasuka ikipitishwa kwenye mashine ya kuibana iwe bamba. Kiungo chenye rangi ya kijivu kikatwe kwanza, hata kama utapoteza vipande vichache.

Vito vitolewe kabla ya moto na urudishiwe mkononi. Rubi huvumilia joto. Lulu na tanzanaiti hazivumilii. Uzito wa kuandika ni ule wa baada ya vito kutoka.

Sasa hesabu, na hapa wengi hulala. Gramu 20 za karati 22 zina dhahabu tupu gramu 18.3 hivi. Ukitaka pete za karati 18, fundi ataongeza fedha na shaba, na jumla itafika kama gramu 24.4. Akikurudishia gramu 20 za karati 18, umepokea gramu 15 tu za dhahabu tupu, gramu 3.3 zimebaki dukani, na bado umelipa ujira. Upungufu wa tupa na msasa upo kweli, lakini ukubaliwe kwa maandishi kabla ya kazi, mbali na ujira. Vumbi lile sonara halitupi, hulikusanya na kuliyeyusha.

Kama kitu ni kazi ya waya mwembamba uliosokotwa kwa mkono, usikiyeyushe kabisa. Uzito wake ni mdogo, na fundi wa kukirudia hapatikani kirahisi. Piga picha ya alama, kisha omba kiungwe kwa lehemu ya karati iliyo karibu zaidi na ya kitu chenyewe.